Kawa la Mama Lakwenda Vitani Düsseldorf

Zamani Japani, askari wa miguu waliokuwa wakiitwa ashigaru walikwenda vitani na bendera nyembamba imesimikwa mgongoni, ili wenzao wawatambue ni wa jeshi lipi. Kichwani walivaa jingasa, kofia iliyochongoka juu na kupanuka chini, na inasimuliwa kwamba zile za chuma walizitumia hata kupikia wali. Niliposoma hayo nikainua macho juu ya kabati la jikoni. Pale lilikaa kawa langu la miyaa, la zambarau na kijani, ambalo mama alilishindilia kwenye begi siku naondoka Tanga. Nikaamua kujitengenezea vazi la ashigaru: kofia tayari ninayo!

Ninaishi Düsseldorf, Ujerumani. Wajapani hapa ni maelfu. Makampuni yao yalianza kuja miaka ya 1950, yakifuata chuma na mashine za bonde la Ruhr, na leo mtaa wa Immermannstraße unanukia supu ya tambi kutwa. Tangu 2002 mji una Japan-Tag, sikukuu ya Japani kando ya mto Rhine, na siku hiyo vijana wa kosplei, yaani mchezo wa kuvaa na kuigiza wahusika wa hadithi na filamu, hufurika ukingoni mwa mto na mabawa yao, mikia yao na nywele za bluu. Usiku hurushwa fataki.

Wapo mafundi humo. Wanakata foamu, wanaipasha moto mpaka ikunjike, wanapaka rangi, ukiitazama unaapa ni chuma. Nawaheshimu sana, ila moyo wangu uko kwa Anucha Saengchart wa Thailand, yule bwana aliyejipatia jina duniani kwa kuigiza mashujaa akivaa vyombo na vikorokoro vya nyumbani. Na atakayekudharau kwa vazi la kushona mwenyewe, mwambie habari za New York, 1939. Katika mkutano wa kwanza wa Worldcon, mkutano wa wapenzi wa hadithi za kubuni za kisayansi, Myrtle Douglas alivaa vazi la watu wa zama zijazo alilolishona kwa mikono yake, na la mwenzake Forrest Ackerman akalishona yeye pia. Hao wawili ndio watu wa kosplei huwataja kama wazee wao.

Dirii ya kifuani ilinichosha kuliko vyote. Ya kweli ilikuwa vibao vidogo vidogo vilivyofungwa kwa nyuzi za hariri, safu juu ya safu. Mimi nilichukua boksi la televisheni la jirani, nikalikata vipande, nikavitoboa, nikavipaka kiwi nyeusi mpaka vikang'aa, kisha nikavifunga kwa kamba nyekundu za viatu. Sebule ilinuka kama kibaraza cha fundi viatu. Mabegani nikaweka vipepeo viwili vya kupepea jiko la mkaa, kiunoni kikoi. Silaha ilikuwa mwiko wa ugali, maana sheria ya hapa hairuhusu kutembea hadharani na bunduki bandia inayofanana na ya kweli, na mapanga nayo yana masharti yake. Mwiko hauna kesi.

Ikabaki bendera. Nikampigia mama simu ya video.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hilo kichwani si kawa nililokupa ufunikie chakula?"

"Ndilo, mama."

"Na chakula sasa unafunika na nini?"

Nikamwonyesha khanga niliyokusudia kuitundika kwenye mti wa ufagio, yenye maneno "Sisi sote abiria, dereva ni Mungu". Akaisoma, akaguna. "Askari gani huyo anakwenda vitani akiwa abiria? Weka ile ya 'Japo sipati tamaa sikati'. Na kidevuni usifunge kamba, itakuchubua. Chana pindo la khanga kuukuu." Tangu hapo akawa jemadari wangu. Kila jioni ananitaka nisimame mbele ya kamera, nigeuke, niinue mwiko.

Siku yenyewe nilipanda tramu nikiwa hivyo hivyo. Wenzangu mnaoishi huku mnayajua yale macho ya kwenye tramu, ya kukupima toka unyayo hadi utosi kama vile umeingia kwa bahati mbaya. Siku hiyo walinitazama zaidi ya kawaida, lakini kwa sababu niliyowapa mimi, na bibi mmoja alicheka hadi akavua miwani. Raha ya kosplei ya kuchekesha kwangu ni hiyo: mzaha unauanzisha wewe, wengine wanakufuata.

Kule mtoni adabu ni kuomba kabla ya kupiga picha, nami niliombwa mpaka mkono ukachoka kuinua mwiko. Mzee mmoja wa Kijapani aliitambua jingasa moja kwa moja, akalizunguka kawa akikagua ususi, akauliza linauzwa wapi. Nikamwambia Tanga, sokoni. Mbele kidogo kijana aliyevaa joka la sponji aliniomba tupigane. Nilimshinda, kwa kuwa mkia wake ulikuwa umekanyagwa na watu wa foleni ya chakula.

Mwaka ujao nataka kupanda cheo, niwe samurai mwenye farasi. Nimeshaona farasi atakuwa nani: mbuzi ya kukunia nazi, ambayo hata hivyo huwa tunaikalia. Mama amesema mbuzi yake haitoki jikoni kwake, na kama ninataka farasi nikamtafute hukohuko kwa Wajerumani.