Kidole gumba hakijui solfeji

Maestro wa kwaya yetu na papa (mzee, kwa lugha ya huku) anayenifundisha gitaa kule Katuba, mtaa wa Lubumbashi, hawajawahi kukutana, na kwa sasa naona heri iwe hivyo. Wote wawili nawaheshimu. Ila kila mmoja akimaliza somo lake, natoka nikiwa na hakika kwamba yule mwingine ananipotezea wakati.

Kwa Maestro tunaanza na karatasi. Mistari mitano, ufunguo, kipimo, halafu tunaimba solfeji, yaani majina ya noti bila maneno, huku mkono ukipiga hewani: chini, kushoto, kulia, juu. Sauti ya pili ikiyumba, anasimamisha kila mtu, anataja mahali penyewe, tunarudia papo hapo mpaka pakae. Kuna wanaowacheka watu wa namna hii, eti muziki wao umekauka. Mimi siwacheki. Niliingia kwaya nikiwa siwezi kushika sauti yangu bila kuvutwa na ya jirani, na leo ukinipa karatasi ya wimbo ambao sijausikia hata siku moja, nitakuimbia.

Kwa Papa hakuna karatasi. Kuna viti viwili vya plastiki chini ya mwembe, na gitaa ambalo kapo yake, kile kibanio cha kupandisha sauti, ni kipande cha penseli kilichokazwa shingoni kwa mpira wa tairi ya baiskeli. Anapiga mtindo wa zamani wa huku kwetu, ule wa Mwenda. Kwa wasomaji wa mbali: Jean Bosco Mwenda, mzaliwa wa Bunkeya, 1930. Mwaka 1952 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi Jadotville, mji tunaouita sasa Likasi, na sahani zile zikasafiri mpaka Nairobi na mbali zaidi. Alikuwa akipiga kwa vidole viwili vya mkono wa kuume, gumba na cha shahada. Ukisikiliza bila kuangalia unaweza kuapa kwamba kuna mtu wa pili aliyejificha nyuma yake.

Siri yote, kama ni siri, iko kwenye gumba. Gumba linatembea kwenye nyuzi nene, sawasawa, halina haraka. Kidole cha shahada kinacheza juu yake, na mara nyingi kinaingia pale ambapo gumba limenyamaza. Ukijaribu kuvifanya viingie pamoja, wimbo unakuwa wimbo wa shule ya chekechea. Ukiviachia kila kimoja kifuate njia yake bila kusikilizana, unabaki na fujo.

Swali langu la kwanza kwa Papa lilikuwa swali la mwanafunzi wa Maestro. Nilimwuliza: moja iko wapi? Yaani hesabu inaanzia wapi, kwenye gumba au kwenye kidole?

“Moja ya nini?” akasema. Nikajaribu kueleza. Akaniacha nimalize, kisha: “Mama, acha kuhesabu. Sikiya.”

Hapo ndipo watu wengi wangeandika kwamba mzee ana kipaji cha damu, na sisi wa karatasi tumepotea. Maneno ya kipaji cha damu yananichosha. Nimekaa na Papa muda wa kutosha kuona anavyofundisha, na sijaona mwalimu mwenye utaratibu mkali kama yeye. Majira yote ya mvua alinipa gumba peke yake. Hakuna wimbo, hakuna kidole cha pili. Halafu akaanza kunisemesha huku napiga: unga umefika bei gani sokoni, mama yako anaendeleaje, bado mnasali Kamalondo? Ilinibidi nijibu, tena nijibu kwa heshima, na gumba lisitetereke. Likitetereka, hasemi kitu. Anagonga goti langu kwa kidole, tunaanza upya, na swali la unga linarudi kama halijaulizwa. Huo ni mtihani, na Maestro hajawahi kunipa mgumu kuliko huo.

Papa mwenyewe anadai hakufundishwa na mtu. Kisha, bila kuona kwamba anajipinga, anasimulia jinsi alivyokuwa akikaa karibu na kaka yake mkubwa aliyekuwa akipiga kwenye mabaa ya Kenia (mtaa wetu hapa Lubumbashi, si nchi). Hakuruhusiwa kugusa gitaa. Alikuwa akirudi nyumbani na kupiga meza kwa gumba mpaka wenye nyumba wapige kelele. Sasa hiyo kama si shule ni nini? Ilikuwa na mwalimu, zoezi la nyumbani na adhabu. Ilikosa cheti tu. Naamini wengi wanaosema “mimi napiga kwa kuhisi” wana shule kama hiyo nyuma yao. Ilianza mapema mno hata hawakumbuki kuandikishwa.

Kuna kitu kimoja, hata hivyo, ambacho Papa hawezi: kupiga polepole. Nilimwomba anipunguzie mwendo nione kidole kinavyoingia. Alijaribu kwa moyo wote. Kilichotoka kilikuwa kitu kingine kabisa, mikono yake ikasita, akakasirika, akarudi kwenye mwendo wake na vidole vikatulia. Mikono inajua safari nzima, ila haijui kusimama katikati. Kwa hiyo nimemrekodi kwa simu, na nyumbani kuna programu inayopunguza mwendo hadi nusu bila kuharibu sauti. Nakaa nayo usiku umeme ukiwapo, kipande kwa kipande. Hiyo ni tabia niliyoipata kwa Maestro, ya kukata wimbo vipande na kusumbuka na kimoja mpaka kieleweke. Bila hiyo ningekuwa bado naangalia vidole vya Papa kwa mshangao tu.

Mji huu umewahi kuwa na watu wa aina zote mbili kwa wakati mmoja. Miaka ile ile Mwenda alipokuwa akirekodiwa, Joseph Kiwele alikuwa mwanamuziki wa karatasi hasa: seminari, kinanda cha kanisa, kwaya. Ndiye aliyetunga Missa Katanga, misa ya Kilatini yenye mahadhi ya huku kwetu, na baadaye wimbo wa taifa wa Katanga, jimbo letu lilipojitenga na Kongo, kabla ya kufariki 1961. Mwenda aliishi hadi 1990, alipokufa katika ajali ya gari. Sijui kama waliwahi kusikilizana. Ningependa kuamini kwamba Kiwele, akipita mtaani, alisimama kidogo.

Muziki wa Mwenda nao uliishia kwenye karatasi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 mtafiti David Rycroft alichapisha uchambuzi wake, noti kwa noti, na aliuita ubunifu wa papo kwa papo, kwa sababu Mwenda hakurudia kitu vilevile kila mara. Nafikiria kazi aliyokuwa nayo. Karatasi inakulazimisha uchore mstari wa kipimo mahali fulani, na ukishauchora umeshaamua moja iko wapi.

Nayasema haya kwa sababu sasa zamu imenifikia. Maestro amesikia nikijipigia kipande kimoja cha Papa kabla ya mazoezi na anakitaka kwaya iimbe juu yake. “Niandikie,” akasema, kana kwamba ameniomba chumvi. Nimeandika kwa penseli. Katika nakala ya kwanza moja iko kwenye gumba, na inasomeka vizuri, hata mtoto angeipiga. Kisha nikatazama tena video za Papa, safari hii nikaacha mikono nikaangalia mguu. Kandambili yake inagonga ardhi kati ya gumba na gumba, kila mara, hata anapocheka, hata anapoulizia unga.

Nimeandika nakala ya pili nikifuata mguu. Noti zote za gumba zimehamia nusu ya pigo, karatasi imejaa alama za kuunganisha noti na za kunyamaza, na mpiga gitaa wa kwaya akiiona atanifukuza. Alhamisi kuna mazoezi. Nitampa Maestro hii ya pili, na nitaenda na gitaa.