Salfa Haifanyi Macho Hivyo

Waliomleta yule kijana walisema ni salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho. Msimu wa kupuliza mikorosho, huku kwetu Mtwara kila kitu ni salfa: kikohozi salfa, macho mekundu salfa. Nilikuwa fildi, mwanafunzi wa utabibu, katika hospitali moja upande wa Newala. Kijana alishushwa kwenye bodaboda akiwa amebanwa katikati ya dereva na mjomba wake, mate yakimtiririka mpaka kifuani.

Daktari wa zamu alimfunua kope. Mboni zilikuwa zimesinyaa zikabaki nukta.

"Salfa inawasha macho, haiyafanyi hivi," akasema. Akamgeukia bibi aliyefika nyuma yao. "Shikamoo bibi. Alikuwa na dawa gani kwenye bomba?"

Ilikuwa ya maji, ya kuua mbu wa mikorosho. Na bomba lilikuwa likimvujia mgongoni tangu asubuhi.

Tukavaa glovu, tukamvua nguo zote, tukamwogesha kwa sabuni. Mtu wa kwanza kunusa lile shati alikohoa.

Dalili zilionyesha sumu ya wadudu ya jamii ya oganofosfeti. Sumu hizi zina ujanja wake: hazikigusi kipokezi, yaani kiti kwenye seli ambapo kemikali hukaa ili amri ifike. Zinakifunga kimeng'enya kinachovunja asetilikolini, kemikali ambayo neva huitumia kupeleka amri. Isipovunjwa inarundikana, na amri haikomi: tezi zimwage mate na jasho, mirija ya hewa ijae majimaji, moyo upunguze mwendo, misuli ijikaze. Mgonjwa anazama akiwa nchi kavu. Darasani nilikariri kwamba Langley wa Cambridge, mwaka 1905, alidai seli zina kitu cha kupokelea dawa, baada ya kuona nikotini na kurare, sumu inayolegeza misuli, zinavyogombea msuli mmoja. Kwangu lilikuwa swali la mtihani tu.

Atropini, dawa tuliyomchoma, inakwenda kukaa kwenye kiti cha asetilikolini, haisemi neno, na haimpishi mwenyewe. Lakini wenye kiti wakiwa wengi, ampuli moja haitoshi. Tukaanza na miligramu 2. Baada ya dakika 5 kifua bado kinakoroma. Tukatoa 4, kisha 8. Ampuli za wodini zikaisha, muuguzi akakimbia kuazima chumba cha upasuaji. Mimi nilikuwa namulika mboni kila mara, nikingoja zifunguke.

"Achana na macho," daktari akaniambia. "Weka sikio kifuani. Kikikauka, tumefika."

Kikakauka. Moyo ukapanda, mate yakakoma. Nilikuwa nimeanza kuvua glovu bibi aliponigusa mkono.

"Mwanangu, mbona mapaja bado yanachezacheza?"

Kweli, nyama za mapaja zilikuwa zinarukaruka chini ya ngozi kama vile hatujachoma kitu. Asetilikolini ina vipokezi vya aina mbili. Vya muskarini viko kwenye tezi, moyo na mirija ya hewa. Vya nikotini viko kwenye misuli tunayotembelea na kuvutia pumzi. Atropini inavijua vya kwanza tu. Ungemchoma ya wilaya nzima, paja lingeendelea kucheza. Pralidoksimu, inayoweza kukifungua kimeng'enya ikiwahi, hatukuwa nayo. Kwa hiyo kazi yangu usiku ule, na siku zilizofuata, ilikuwa kumwomba kijana anyanyue kichwa kwenye mto. Shingo ikilegea, misuli ya kupumua inaweza kufuata. Alinyanyua, huku ananitukana kwa Kimakonde na kudai maji, maana mdomo ulikuwa umekauka kabisa.

Alipopata nafuu, bibi akauliza kama anaweza kununua hiyo atropini akaiweka nyumbani.

"Hapana, bibi," daktari akasema. "Akichomwa mtu asiye na sumu, moyo utamwenda mbio, ataanza kuongea na watu wasiokuwepo. Wewe shughulikia lile bomba."

"Bomba si letu," bibi akajibu. "Na mwenyewe ameshatuma mtu kulidai."