Nilivyohesabu pumzi za Pamba kwa chelewa na mshumaa

"Mtoe huyo, ufuge mwingine." Ndilo shauri la kwanza nililopewa, na aliyelitoa alikuwa shemeji yangu, amekaa sebuleni kwangu anakunywa chai, mbwa wangu Pamba, ambaye moyo wake ulikuwa umeonekana una hitilafu, kamlalia miguuni. Hiyo ilikuwa Februari 2022. Naandika haya katikati ya 2025 na Pamba yuko chini ya cherehani yangu, pale pale anapolala kila siku, mkia umeziba pedali hivi kwamba kabla sijashona nauinua kwanza kwa vidole vya mguu. Ana miaka kumi na miwili. Nimekasirishwa na mengi niliyoambiwa katika safari hii, basi nasimulia yote, labda kuna mtu Morogoro hapa au kwingine ameambiwa kama nilivyoambiwa mimi na hajui aanzie wapi.

Nilikuwa nimempeleka kuchanjwa kichaa cha mbwa tu. Daktari wa mifugo akaweka stetoskopu upande wa kushoto, nyuma ya kiwiko cha mguu wa mbele, akatulia. Akasogeza kidogo. Akatulia tena. Akaniambia, "Dada, hebu zima redio ya simu." Mimi nikajua hapo kuna jambo, maana alikuwa amewahi kumpima mara nyingi na hakuwahi kutaka kimya. Kisha akanivalisha vile vitu masikioni nisikie mwenyewe. Moyo wa kawaida unapiga mbili, mbili, safi. Wa Pamba, katikati ya pigo la kwanza na la pili kulikuwa na "fuuu", kama mtu anayepuliza uji wa moto.

Akasema ni daraja la tatu kati ya sita. Kichwani mwangu nikasikia kwamba mbwa wangu amekwisha kufa nusu. Nilitoka pale nalia, na nililia siku tatu kwa sababu ya hesabu niliyoielewa vibaya. Yale madaraja hupima ukubwa wa sauti. La kwanza ni sauti ambayo daktari huipata chumba kikiwa kimya kabisa naye amesikiliza muda mrefu. La tano na la sita ni zile ambazo ukiweka kiganja kifuani unahisi mtetemo. Moyo umechoka kiasi gani, hilo linajulikana kwa picha. Ukiambiwa namba, muulize daktari wako hapo hapo inapima nini, usirudi nayo nyumbani peke yako.

Kabla ya picha alichukua damu. Huku kwetu kupe ni wengi, na mbwa aliyepungukiwa damu kwa homa ya kupe anaweza kutoa sauti kama hiyo moyoni, halafu damu ikirudi na sauti inaondoka. Niliomba Mungu iwe ni kupe. Haikuwa. Damu ilikuwa ya kutosha.

Basi tukaenda Dar es Salaam kwa gari la binamu yangu, kupiga eksirei na kipimo cha mawimbi ya sauti cha moyo. Nilitoa pesa ya kununua mbuzi wawili hivi, ukiongeza mafuta labda watatu. Nikaonyeshwa kwenye kioo: upande wa kushoto wa moyo, kati ya chumba cha juu na cha chini, kuna vali, kama mlango wa mapazia mawili. Ya Pamba yamekuwa manene, hayafungi vizuri, damu kidogo inarudi ilikotoka, na ule ndio mpulizo niliousikia. Mbwa wa umbo dogo wakizeeka ndio hupatwa zaidi na hili, na Pamba ni wa wale weupe wa kijapani, ingawa mama yake alikuwa koko wa mtaani Kihonda. Moyo wenyewe ulikuwa bado haujapanuka. Nikaambiwa: hakuna dawa kwa sasa, rudi baada ya miezi sita, na kila usiku hesabu pumzi zake akiwa amelala.

Barabara yote ile, mbuzi wawili, halafu narudi mikono mitupu! Nilikasirika. Leo najua daktari yule alinitendea haki, lakini hasira yangu ndiyo iliyofungua mlango kwa washauri. Mmoja alisema nimpe vidonge vya presha vya bibi. Mwingine, muuza dawa za mifugo sokoni, akaniambia kwa uhakika kabisa kuwa kitunguu saumu kinasafisha mishipa ya moyo, nisage punje nichanganye na ugali. Nilimpa siku mbili. Siku ya tatu nikampigia daktari simu kumweleza jinsi ninavyojitahidi, na kwa mara ya kwanza yule mtu mpole akapaza sauti. Kitunguu saumu, na kitunguu maji vilevile, huvunja chembe nyekundu za damu za mbwa. Chembe zikipungua, moyo unalazimika kusukuma zaidi, na moyo wenyewe ndio huo mgonjwa. Nashukuru punje zilikuwa chache. Kinachomfaa mtu kinaweza kumuua mbwa, na kama wewe umeambiwa hivyo hivyo sokoni, tupa hicho kitunguu leo.

Sasa hizi pumzi. Kupanda na kushuka kwa mbavu ni pumzi moja. Unahesabu nusu dakika unazidisha kwa mbili, na mbwa aliyelala asizidi thelathini kwa dakika. Nikadhani ni kazi ya mtoto. Siku ya kwanza nilihesabu saa nane mchana, joto la Morogoro unalijua, nikapata hamsini na mbili. Nilimbeba mikononi hadi barabarani, bajaji ikaenda mbio, sikuuliza hata nauli. Daktari akamtazama, akamwekea maji, akasubiri. "Dada, huyu anahema joto. Mhesabu usiku pakiwa pamepoa, amelala fofofo." Na akiwa anaota, ile miguu inachezacheza, usihesabu pia, ngoja ndoto iishe.

Usiku nao ulikuwa na shida yake. Pamba ana manyoya mengi, meupe, yamesimama kama jina lake. Mbavu zinapanda huko ndani na wewe nje huoni kitu. Ukimmulika anafungua macho, anapiga mkia, hesabu imeharibika. Ukimgusa, vilevile. Ilipofika ule mgao wa umeme wa mwishoni mwa 2023 ndiyo kabisa, nyumba giza na mimi nimepiga magoti sakafuni nimekodoa macho.

Nikakaa nikafikiri kama fundi. Nikavunja chelewa moja ya ufagio, urefu wa kiganja. Kwenye ncha nikafunga uzi mwekundu wa cherehani nifanye kama kinundu. Pamba akishalala naichomeka taratibu ndani ya manyoya ya ubavuni, manyoya yenyewe yanaishika, ngozi haiguswi. Halafu mshumaa naweka chini, mbali naye, upande wa mgongo wake, yeye akiwa katikati ya mshumaa na ukuta. Wallahi ukuta ule ukawa sinema! Chelewa inayosogea kidogo tu ubavuni, kivuli chake ukutani kinapanda na kushuka kwa urefu wa kidole kizima, na kile kinundu cha uzi kinaonekana kama kichwa cha mtu anayeitikia. Moja. Mbili. Tatu. Mwanangu alikuja akasimama mlangoni, akakaa kimya, tukahesabu wote. Kumi na nane. Usiku uliofuata ishirini. Nikachukua daftari la vipimo vya wateja, nikaligeuza nyuma mbele, nikaanza kuandika: tarehe, namba, amekula au hajala. Nimemaliza daftari mbili.

Daktari nilipomsimulia alinitaka nimchoree. Nilijisikia fahari siku hiyo kuliko siku niliyomaliza gauni la harusi yangu mwenyewe.

Jambo lingine nililolishona mwenyewe ni mkanda wa kifuani. Oktoba ile ya 2023, kwenye kipimo cha kurudia, moyo ulikuwa umeanza kupanuka, na kile chumba cha juu kushoto kikikua kinabana njia ya hewa, mbwa anakohoa. Kamba ya shingoni ikizidisha kubana, kikohozi kinapanda. Nikachukua suruali ya jinzi iliyochakaa, nikakata kipande cha kifua na viwili vya mabega, ndani nikatia flana isimchubue, kamba inashikia mgongoni. Majirani watatu wameshaagiza wa mbwa wao wazima.

Kipimo hicho ndicho kilicholeta dawa, pimobendani. Daktari alinieleza kwamba utafiti mkubwa uliotoka 2016 ulionyesha mbwa wenye moyo uliokwisha kupanuka, wakianzishiwa dawa hii kabla maji hayajaingia mapafuni, kwa kawaida moyo kushindwa kazi au kifo kulicheleweshwa kama miezi kumi na mitano. Miezi kumi na mitano kwa mbwa! Nikasema naitafuta popote. Inanila mwezi huu elfu themanini, mwezi mwingine laki, inategemea imetokea wapi. Mara mbili kwa siku, na inataka tumbo tupu, saa moja kabla ya chakula. Kwa hiyo zile mbinu za kuficha kidonge kwenye donge la ugali sahau. Mimi natumia kipande cha ini la kuku kilichochemshwa, kadiri ya punje ya hindi, kidonge kinapita.

Chumvi nimeiondoa mapema. Hapa vita yangu ilikuwa na dagaa wa chumvi na watoto wa mtaa wanaomgawia bisi. Ugali wake unapikwa sufuria yake, firigisi bila kiungo. Na uzito, maana ukibadilika ghafla ni habari: napanda mizani ya muuza mpunga nikiwa nimembeba, kisha napanda peke yangu, natoa. Kilo sita na nusu, wiki hadi wiki.

Usiku wa Aprili 2024, mvua zile kubwa, daftari lilisema ishirini na sita. Usiku wa pili thelathini na moja. Wa tatu, kivuli kilikuwa kinakimbia ukutani, thelathini na nane, pamepoa, haoti. Pamba mwenyewe alikuwa amekula vizuri jioni ile na kubweka pikipiki ya jirani. Bila namba ningelala. Nilimpigia daktari saa sita usiku nikamtajia namba zote tatu, akasema mlete sasa hivi. Maji yalikuwa yameanza kuingia kwenye mapafu. Alichomwa furosemidi, ile Lasix wanayoijua wagonjwa wa moyo, na kufikia asubuhi pumzi zilikuwa ishirini na nne. Daktari aliniambia ningemleta siku mbili baadaye, mazungumzo yangekuwa mengine.

Tangu hapo Lasix ni ya kila siku pamoja na pimobendani. Anakojoa sana, na hapa nimepewa tena shauri bovu: mfungie maji usiku asikuloweshee nyumba. Usifanye hivyo kamwe. Dawa inamkausha, ukimnyima maji unaua figo. Wiki ya pili tulipima damu kuangalia figo na madini, na tunarudia kila miezi kadhaa. Bakuli liko wazi, mimi natandika vipande vya khanga kuukuu karibu na mlango na kuvifua asubuhi.

Mbio za zamani hana. Tunatembea hadi kwenye mwembe wa kona na kurudi, alfajiri kabla ya jua, akisimama nami nasimama. Ufizi wake nautazama kila jioni, uwe wa waridi. Ukipauka au kuwa wa buluu siulizi mtu, naita bajaji. Shemeji anakuja bado kunywa chai, na wiki iliyopita nilimkuta kapiga magoti sakafuni, mshumaa nyuma, anahesabu kwa sauti ya chini. Alipata ishirini na mbili. Aliandika mwenyewe kwenye daftari.