Maji ya bahari ndani ya mashine ya boti: ninavyoyazuia

Mashine nyingi za ndani ya boti zinazofunguliwa huku Mikindani na Msangamkuu, Mtwara, hazijafa kwa kuchakaa. Zimeingia maji ya bahari, tena yameingia siku ile mashine ilipogoma kuwaka na nahodha akang'ang'ania stata.

Kwenye mashine yenye ekzosi ya maji, yaani moshi unatoka pamoja na maji ya bahari, pampu ya maji ya bahari inazungushwa na mashine yenyewe. Ukipiga stata, hata isipowaka, pampu inavuta maji na kuyamwaga kwenye ekzosi. Kinachoyatoa nje ni nguvu ya moshi. Pasipo moshi, mafla (kopo la kupunguza kelele za ekzosi) inajaa, maji yanarudi nyuma na kupita kwenye valvu hadi ndani ya silinda. Maji hayashindiliki: pistoni ikipanda na kuyakuta, konrodi, chuma kinachounga pistoni na krenki, inapinda.

Kwa hiyo napiga stata mara tatu tu, kila mara isizidi sekunde 10. Ikigoma nafunga koki ya maji ya bahari kwanza, ndipo natafuta ugonjwa. Ninapojaribu tena, mtu mmoja anakaa kwenye koki na mwingine kwenye ufunguo. Ikishika tu, koki inafunguliwa papo hapo, kwa sababu impela, gurudumu lenye mabawa ndani ya pampu, ni raba na bila maji inaweza kuungua ndani ya dakika moja. Boti ikilala, koki inafungwa na ufunguo wa stata unaning'inizwa hapohapo kwenye koki, asitokee kijana akawasha alfajiri akasahau.

Ugonjwa wenyewe mara nyingi uko kwenye dizeli, hasa ile ya madumu. Naiacha itulie na simimini ile ya chini kabisa. Kila asubuhi nafungua kizibo cha chini cha chujio la dizeli, namwaga maji na uchafu mpaka itoke dizeli tupu. Chujio likibadilishwa, lazima utoe upepo kwa pampu ya mkono kabla ya kugusa stata.

Stata ikigonga mara moja na kukwama, usilazimishe. Chomoa kijiti cha oili. Ikiwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa, maji yameshafika chini. Hapo nafunga koki, namwaga maji ya mafla, nachomoa nozeli zote za dizeli, kisha nazungusha puli ya krenki kwa spana, polepole, mpaka maji yaishe kutoka kwenye matundu ya nozeli. Natia kijiko cha oili safi kila silinda na kuzungusha tena. Namwaga oili yote, nabadilisha na filta yake, narudisha nozeli, nafungua koki mashine inaposhika, naiacha iungurume dakika 10 hivi, halafu namwaga oili tena. Huenda ukarudia mara tatu au nne mpaka weupe uishe. Oili ni ghali, lakini krenki ni ghali zaidi. Kazi hii ifanyike siku ileile. Chumvi ikilala humo ringi za pistoni zinakamata.

Maji huingia pia boti ikiwa imetulia tu. Mahali maji yanapoingia kwenye ekzosi pasipofika sentimita 15 juu ya usawa wa bahari, mpira wa maji upandishwe juu na uwekewe valvu ya hewa, la sivyo bahari inajivuta yenyewe. Pima boti ikiwa na mzigo, si ikiwa tupu. Valvu hiyo huziba kwa chumvi. Ioshe kwa maji baridi yasiyo na chumvi.

Wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, boti nyingi hukaa mchangani maji yakipwa, na yakijaa pampu inavuta tope na mwani. Safisha chujio la maji ya bahari kabla ya kuwasha. Impela naifungua kila mwaka, naipaka sabuni ya maji ninapoirudisha, kamwe si grisi ya kawaida. Ikikosa bawa moja, litafute: limekwama kwenye bomba au kwenye kipoza maji, na litaziba njia siku utakapokuwa mbali. Zinki, kile kipande kinacholiwa na kutu badala ya mashine, ikibaki nusu, badilisha.

Kona ya ekzosi, pale maji yanapokutana na moshi, ndiyo wengi hawaigusi. Ifungue kila mwaka, komoa masizi na chumvi, kisha gonga kuta zake za ndani kwa bisibisi. Ikitoboka au ikimeguka, tupa. Ikishaoza, maji yanadondokea upande wa valvu hata pampu ikiwa nzima.