Vumbi la mawe na maji yaliyokawia

Fundi anapokata marumaru kwa grenda ndani ya chumba, lile wingu jeupe analoliona silo linalomuua. Chembe zinazoonekana kwa macho ni nene. Pua na koo huzinasa, akapiga chafya au akatema zikatoka. Zinazopenya hadi kwenye vifuko vya hewa vya mapafu ni zenye upana chini ya maikroni 10, na mbaya zaidi ni za chini ya 5. Unywele wa mtu una maikroni 70 hivi. Chembe ya mwamba yenye maikroni 1, ikirushwa usawa wa uso, huchukua saa 4 hadi 5 kufika sakafuni hata kama hewa imetulia kabisa. Kwa hiyo fundi anayezima mashine, akangoja dakika kumi "vumbi litulie", kisha akafungua kitambaa alichojifunga puani, anakifungua chumba kikiwa bado kimejaa.

Ninayoisema hapa ni silika, madini magumu yaliyomo ndani ya mchanga na mawe mengi. Vumbi la jiwe hili si sawa na la jiwe lile, na mafundi wengi hawajaambiwa hivyo. Jiwe la mchanga lina silika asilimia 70 hadi 90. Zege ni 25 hadi 70, kutegemea mchanga na kokoto zilizotumika. Vigae vya sakafu, hizo marumaru za dukani, ni kama 30 hadi 45, granaiti 20 hadi 45, tofali la kuchoma hufika 30. Mawe ya chokaa yana kama asilimia 2 tu. Mwamba wa matumbawe unaojengea Unguja na pwani yote asili yake ni chokaa, hivyo anayeponda kokoto za matumbawe hayuko kwenye hatari moja na anayeponda granaiti ya Mwanza. Vumbi la chokaa nalo linakera macho na kifua, lakini silo linaloleta silikosisi.

Silikosisi ni makovu ya mapafu. Seli za ulinzi humeza chembe ya silika kama zinavyomeza bakteria, ila haziwezi kuiyeyusha. Seli hufa, inaiachia chembe, nyingine inaimeza, nayo inafa. Kila mzunguko unaacha kovu, na pafu lenye makovu halitanuki. Mtu anaweza kuacha kazi leo, na makovu yakaendelea kukua kwa miaka. Dawa ya kuyaondoa haipo. Juu ya hayo, mapafu yenye silika hushikwa na kifua kikuu kwa urahisi kuliko mapafu mengine, na hapo ndipo mkanganyiko unapoingia: mgonjwa anatibiwa kifua kikuu mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, bila mtu yeyote kumuuliza anafanya kazi gani.

Haya yamejulikana muda mrefu mno. Georgius Agricola, daktari aliyeishi kwenye miji ya wachimbaji wa Ulaya ya kati, aliandika katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1556 kwamba migodini katika milima ya Carpathia walikuwepo wanawake walioolewa na waume saba, wote wakafa kwa vumbi. Kwa karne tatu zilizofuata ugonjwa ulikwenda polepole, kwa kuwa mwamba ulitobolewa kwa nyundo na tindo. Kilichobadilisha mambo ni drili ya hewa iliyoshindiliwa. Ilipoenea kwenye migodi ya dhahabu ya Witwatersrand, Afrika Kusini, miaka ya 1890, tundu lililomchukua mtu nusu siku likawa la muda mfupi, na vumbi likaongezeka kwa kiasi hicho hicho. Vita vya Makaburu vilipoanza mwaka 1899 wachoronga wengi, yaani watoboaji mwamba kwa drili, walirudi makwao, wengi wao Cornwall, Uingereza. Serikali ilipohesabu mwanzoni mwa 1902, kati ya wachoronga 1,377 waliokuwa wakifanya kazi kabla ya vita, 225 walikuwa wameshakufa. Hiyo ni zaidi ya asilimia 16 ndani ya muda unaozidi kidogo miaka miwili. Mwaka 1904 mwanasayansi wa Uingereza J. S. Haldane na wenzake waliwachunguza wachimbaji wa Cornwall wakathibitisha kwamba chanzo ni vumbi la mwamba.

Nisichotaka kisahauliwe na mtu yeyote ni hiki: dawa ya vumbi hilo ilikuwa tayari imebuniwa. J. George Leyner wa Denver, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1890 alitengeneza drili yenye chuma kilichotobolewa katikati. Mwanzoni alipitisha hewa tu kwenye tundu hilo ili kusukuma unga nje, na vumbi likazidi. Ndipo akapitisha maji. Maji yanafika kwenye ncha yenyewe, pale mwamba unapovunjika, na unga unatoka ukiwa tope. Siri yote iko hapo, maji yawepo kabla chembe haijapaa. Kunyunyizia chumba baada ya vumbi kuruka hakusaidii sana, kwa sababu tone la maji na chembe ya maikroni 2 hupishana hewani bila kugusana.

Afrika Kusini ilipitisha sheria ya fidia kwa ugonjwa huu mwaka 1912, miongoni mwa za kwanza duniani, na maji yakawa sharti migodini. Lakini sheria hiyo ilimpima Mzungu kwa kipimo kimoja na Mwafrika kwa kingine. Mchimbaji Mweusi alifanya kazi kwa mkataba, akiumwa alirudishwa kijijini, na kifo chake hakikuingia kwenye vitabu vya mgodi. Mwaka 1913 serikali ilizuia kuajiri watu kutoka kaskazini ya latitudo ya nyuzi 22 kusini mwa ikweta, kwa sababu walikuwa wanakufa kwa nimonia kupita kiasi. Zuio lililegezwa miaka ya 1930 migodi ilipohitaji watu tena, na hapo ndipo Tanganyika inapoingia. Wenela, shirika la kuajiri la migodi hiyo, lilichukua wanaume wa Nyanda za Juu Kusini, Wanyakyusa wakiwa wengi, hadi serikali ya uhuru ilipolisimamisha. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ya Johannesburg iliidhinisha makubaliano ya fidia ya kama randi bilioni 5 kwa waliougua migodini, na makubaliano hayo yanawahusu waliofanya kazi kuanzia tarehe 12 Machi 1965. Mzee aliyetoka Tukuyu akaenda Johannesburg mwaka 1955 na kurudi 1960 hayumo.

Maji pekee nayo yalileta balaa lake. Migodi ilipokwenda chini zaidi, mwamba ukawa wa moto, na maji ya kuzuia vumbi yakaijaza hewa unyevu hadi jasho likashindwa kukauka mwilini. Mwaka 1924 vifo vya joto vilianza kuandikwa kule Witwatersrand. Ndiyo maana maji na hewa safi ya kusukumwa vinakwenda pamoja, kimoja hakichukui nafasi ya kingine.

Mfano unaoniumiza kuliko yote ni wa Hawks Nest, West Virginia, Marekani, mwaka 1930 na 1931. Lilichimbwa handaki la karibu kilomita 5 la kupitisha maji ya umeme, kwenye mwamba wenye silika nyingi ajabu. Watu karibu 3,000 walifanya kazi chini ya ardhi, wengi wao Weusi waliotoka kusini wakitafuta kazi wakati wa mdororo wa uchumi. Drili za maji zilikuwepo duniani kwa zaidi ya miaka 30, lakini walichoronga pakavu kwa kuwa ni haraka zaidi. Wengine hawakumaliza hata miezi kadhaa kabla ya kuanza kuishiwa pumzi. Daktari Martin Cherniack, aliyefanya hesabu upya miaka ya 1980, alikadiria vifo visivyopungua 764. Bunge la Marekani lilisikiliza mashahidi mwaka 1936.

Mchanga wa kusafishia chuma kwa kupuliza, Uingereza iliupiga marufuku kwa kanuni za 1949. Uturuki ilikuja kuupiga marufuku kwenye kupausha suruali za jinzi mwaka 2009, vijana wa viwandani wakiwa wameshaugua. Mwaka 1997 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka silika kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani. Australia ilizuia mawe ya kutengenezwa kiwandani ya kaunta za jikoni kuanzia Julai 2024, kwa sababu silika yake hufika zaidi ya asilimia 90.

Kiwango cha juu cha vumbi la silika kinachoruhusiwa Marekani tangu 2016 ni maikrogramu 50 kwa kila mita moja ya ujazo wa hewa, kwa wastani wa saa 8. Mtu anayefanya kazi huvuta kama mita 10 za ujazo kwa zamu, kwa hiyo posho yake ya siku nzima ni nusu miligramu. Mimina punje 8 za chumvi ya mezani kiganjani uone. Grenda kavu kwenye zege inazidisha hapo ndani ya dakika chache.

Sasa kwenye kazi yenyewe. Kwa marumaru, kikatio cha mkono cha kuchora na kuvunja hakitoi vumbi la maana. Tumia hicho kwa mistari iliyonyooka. Kwa kona na matundu, tumia msumeno wa mezani wenye beseni la maji. Usimwagie maji grenda ya kawaida ya umeme wa volti 230, kwani haikujengewa maji na itakupiga shoti. Misumeno mikubwa ya kukatia zege na lami ina mrija wa maji: unahitaji angalau nusu lita kwa dakika, ikilenga diski. Tangi likiisha, kazi isimame. Kwa kuchana ukuta wa kupitishia nyaya, pata grenda yenye kifuniko kilichounganishwa na mashine ya kufyonza vumbi laini, kwani ya kufagilia nyumbani hulirudisha hewani kwa upande wa nyuma.

Kwenye kuchoronga, fungua maji kwanza, hewa baadaye, na mwisho funga hewa kabla ya maji. Vumbi kubwa hutoka wakati wa kuanzisha tundu, ncha ikiwa bado inaruka juu ya mwamba, basi anza kwa hewa ndogo. Mrija mdogo wa maji ndani ya drili ukivunjika au sili ikilika, hewa hupenya kwenye chuma na tundu linatema unga mkavu huku mrija wa nje ukivuja maji kama kawaida. Mchoronga anaona maji, anadhani yuko salama. Tazama kinachotoka tunduni. Kwenye karasha, mashine za kusagia mawe ya dhahabu, mawe yaloweshwe kabla ya kuingia, si baada ya kusagwa.

Tope lizolewe likiwa bichi. Likikauka na kukanyagwa linarudi kuwa vumbi, na hapo kazi yote ya maji imepotea. Ufagio mkavu ni adui, na kompresa ya kupuliza nguo ni adui mkubwa zaidi.

Barakoa inakuja mwisho. Kanga na barakoa za kitambaa hazizuii chembe ninazozizungumzia. Inayofaa ni yenye alama FFP3, au angalau N95, kamba zote mbili zikifungwa, moja juu ya masikio na moja chini. Ndevu zikipita kwenye ukingo wake, hewa inapita pembeni na chujio halina kazi.

Tanzania, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtaka mwajiri ampime mfanyakazi afya kabla ya kumpangia kazi na kila baada ya muda. Dai picha ya kifua ya siku ya kwanza na uhifadhi nakala yako mwenyewe, kwa sababu silikosisi ya kawaida hujitokeza baada ya miaka 10 au zaidi, wakati huo kampuni imefungwa na faili limepotea. Ukienda hospitali kwa kikohozi kisichopona, taja kazi zako zote za mawe, hata ulizoziacha miaka 15 iliyopita, na umwombe daktari aziandike kwenye faili.