Siku moja maishani mwangu: kubisha hodi kwa wasiojiona wagonjwa

Saa kumi na moja na nusu alfajiri simu inaita. "Mwanangu, makohozi nishatoa. Nimeyaweka kwa friji ya jirani, nimemwambia ni dawa." Naruka kitandani. Jirani akifungua ile chupa, kabla ya jua kuchomoza Kisauni nzima itakuwa na habari.

Mimi ni mhamasishaji wa afya ya jamii. Wiki jana makanga mmoja wa matatu alipatikana na TB. Matibabu yake ni miezi sita, na kwenye hospitali za umma dawa ni bure. Yeye si taabu tena, anameza. Taabu yangu ni wanaolala naye nyumba moja: mkewe, mtoto wa miaka mitatu, mamake, huyu nyanya aliyenipigia alfajiri, na kakake.

Saa kumi na mbili na nusu naikomboa chupa. Naiinua kwenye mwanga: mate matupu, povu tu. Tunatoka uani, mimi nasimama upepo unapotoka. "Nyanya, vuta pumzi mpaka ndani, ishike, iachie. Tena. Sasa kohoa kutoka kifuani, si kooni." Mara ya tatu yanakuja mazito, ya manjano. Hayo ndiyo.

Saa mbili naifikisha zahanati. Mashine ya kupima TB, GeneXpert, hutoa jibu kwa muda wa saa mbili hivi, tena husema kama vijidudu ni sugu kwa rifampisini, dawa kuu ya TB. Ila foleni nayo ina lake.

Saa tatu narudi kwa mke wa makanga, fulana ya kazi nimeificha mkobani. Nauliza: kikohozi? Homa? Jasho la usiku? Kukonda? Mtoto anacheza kama zamani? Hana dalili yoyote, na uzito kwenye kadi yake unapanda.

"Basi dada, mzima huyu. Dawa ya nini?"

Swali hili naliulizwa kila nyumba, na sijawahi kulichukia. Namwambia vijidudu huweza kuingia mwilini vikalala, na mtoto wa chini ya miaka mitano mwili wake haujaweza kuvizuia visiamke. Vikimwamkia yeye, huweza kufika hata kwenye ubongo. Dawa yake ya kinga huyeyuka majini, ina ladha ya matunda, kila siku kwa miezi mitatu. Ananyamaza, kisha anauliza kliniki inafunguliwa saa ngapi.

Saa saba, mahamri na mbaazi, nimesimama.

Saa nane namtafuta kakake makanga. Ni mlinzi wa usiku, mchana yuko maskani na muguka wake. Mbele ya wenzake sitaji kitu. "Kaka, mamako anakuita." Pembeni namweleza: picha ya kifua kwanza, ikiwa safi ni vidonge vya kinga mara moja kwa wiki, wiki kumi na mbili. Namwonya pia kuwa mkojo utageuka rangi ya chungwa, asije akavitupa. Anacheka. "Kesho, dada." Kesho ya maskani naijua. Namwambia nitampitia saa mbili.

Saa kumi zahanati inapiga. Ya nyanya ina vijidudu. Si sugu, alhamdulillahi.

Namkuta kitandani, mjukuu amelala pajani. Nasema polepole. Anasikiliza mpaka mwisho.

"Ni mimi niliyemwambukiza mwanangu, au ni yeye?"

"Nyanya, hilo hakuna ajuaye."

"Na huyu? Hulala na mimi."

Leo atalala kwa mamake, nasema, na dirisha hili lifunguliwe. Dirisha lenyewe liko nyuma ya kabati, misumari imeota kutu. Mlinzi wetu, aliyekuwa mlangoni kumbe, analeta nyundo. Tunasukuma kabati, anagonga, bawaba zinalia, na vumbi la miaka linatushukia. Sote tunapiga chafya.

"Hiyo nayo," anasema nyanya, "utaiandika?"