Nilimsingizia nzi

Shemeji yangu wa Tororo, Uganda, alinitumia picha ya nzi aliyemkuta kwenye mguu wa ng'ombe. "Huyu si mbung'o?" Kwa haraka zangu nikajibu ndiye. Mdomo umechomoza mbele, rangi kijivujivu, anang'ata. Nini tena?

Jioni daktari wa mifugo akaitazama picha ile ile, akacheka. "Angalia mabawa, ndugu yangu." Mbung'o akitua huyalaza mabawa moja juu ya jingine, kama mkasi uliofungwa. Huyu wetu ameyatanua pembeni, na tumbo lina madoa meusi. Ni stomoksi, nzi wa zizini, naye hufyonza damu kweli.

Picha ikiwa safi, kuza katikati ya bawa: mbung'o ana kijumba (nafasi iliyozungukwa na mishipa ya bawa) chenye umbo la shoka, nzi wengine hawana. Hata nyayo za nyuma zinasema ni mbung'o yupi. Mbung'o wa kando ya mito na ziwa, yule fuscipes wetu, pingili zote ni nyeusi kwa juu; wa nyikani, mbili za mwisho tu. (Mimi nilikuwa naangalia mdomo!)

Shemeji alikuwa keshanunua dawa ya nagana, ugonjwa wa ng'ombe unaoenezwa na mbung'o, na sasa ananidai. Simlaumu kwa kushtuka. Jirani hapo Busoga, mlipuko wa malale, ugonjwa ambao mbung'o huwaambukiza watu, wa mwanzoni mwa miaka ya 1900 uliua watu zaidi ya 200,000.

Nimemwambia picha ijayo apige kutoka juu, nzi akiwa ametulia. Amejibu kwa emoji ya ngumi.